Niboye tunawapooza panya wa darini

Kiangazi cha mwaka 2023 nilikuwa nanunua umeme wa Cash Power kama mtu anayenunua sukari ya kupimiwa dukani. Leo elfu ishirini, na kabla wiki haijaisha kile kimashine cha ukutani kinaanza kulia tena kama kifaranga aliyepotea. Nyumba yenyewe si hoteli wala kiwanda. Ni nyumba ya vyumba vinne hapa Niboye, wilayani Kicukiro, ya mtu aliyerudi kutoka ughaibuni na mambo yake kichwani. Pamoja na fedha zote hizo, chumba cha mwisho, kile cha upande wa jua la jioni, kilikuwa tanuri mchana kutwa. Na usiku kilinuka moshi wa makaa ilhali madirisha yote yamefungwa.

Nimeamua kushika kalamu kwa sababu najua siko peke yangu. Ukipita mitaa yetu, kuanzia upande wa Sonatube mpaka unapanda kule Nyakabanda, utaona majumba mapya yanayoota kila mwezi, na mengi ni ya watu kama mimi. Waliokuja mapema kutoka Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania walijenga haraka haraka, maana walichotaka kwanza ni paa. Sisi tuliofuata kutoka Ulaya, Marekani na Uarabuni tumekuja na michoro. Na mimi katika mchoro wangu niliweka kitu ambacho nilikizoea kwa miaka 17 niliyoishi Texas: kiyoyozi cha nyumba nzima. Mashine moja kubwa inakaa nje, halafu mabomba ya hewa yanatambaa juu ya dari yakipeleka ubaridi kila chumba, na bomba jingine linairudisha hewa ya ndani kwenye mashine ikapoozwe upya.

Mabomba hayo mimi nilizoea kuyaita dakti, kama mafundi wa kule. Fundi wangu, mzaliwa wa Bukavu, anayaita tiyo. Jirani yangu aliyekulia Karagwe anasema mabomba ya hewa, basi. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini kwenye dari ya nyumba moja tu kinaweza kuwa na mataifa matatu. Nitatumia neno dakti ili nisimchoshe msomaji.

Kontena langu lilishuka Dar es Salaam, likasafiri zaidi ya kilomita 1,400 kupitia Rusumo, na ndani yake mlikuwamo ile mashine. Nakiri leo kwamba nilikuwa najivunia. Hakuna aliyeniuliza swali moja la msingi, wala mimi mwenyewe sikujiuliza: Hivi Kigali kuna joto la kuhitaji kitu hiki?

Tuseme ukweli. Mji huu uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mchana joto hufika nyuzi 27 hivi, siku kali huzidi kidogo, na usiku hushuka hadi nyuzi 15 au 16. Ndugu zetu Waswahili wanaoishi Muscat, ambako kiangazi hupita nyuzi 40 na usiku wenyewe hauna nafuu, wao kiyoyozi si anasa. Houston vivyo hivyo. Lakini hapa Niboye, usiku Mwenyezi Mungu anatuletea baridi ya bure mlangoni, nasi tunamfungia dirisha kisha tunakwenda kununua yuniti.

Hata hivyo mashine ilikwisha kufungwa, na fedha zimekwisha kutoka. Swali likawa: mbona inakula umeme namna hii na haipoozi?

Kampuni iliyoifunga, ambayo sitaitaja kwa kuwa nia yangu si kugombana na mtu, iliniambia mashine ni ndogo ninunue kubwa zaidi. Hilo ndilo jibu utakalopewa karibu kila mahali. Muuzaji wa mashine atakuuzia mashine. Bahati yangu ni kwamba sikuwa na fedha, nikamwita yule fundi wa Bukavu ambaye kwa kawaida hunitengenezea pampu ya maji.

Fundi hakuja na vyombo vya ajabu. Aliomba ubani na chetezo. Nikadhani anataka kuisomea nyumba dua. Kumbe alitaka moshi. Alipanda darini na kile chetezo, akaniambia niwashe feni, halafu akawa anakipitisha taratibu kwenye kila kiungo cha dakti. Pale ambapo moshi ulisukumwa pembeni, hewa ilikuwa inatoka. Pale ambapo moshi ulinyonywa ukapotea, hewa ilikuwa inaingia. Baada ya nusu saa alichungulia kwenye tundu la dari, uso umejaa vumbi, akanitangazia matokeo kwa Kiswahili chake cha Kivu: “Muzee, mu hii purafo kuko baridi kuliko mu chumba yako. Panya ndiyo iko inafaidi!”

Nilipanda na mimi nikajionea. Kiungo kimoja kinachokwenda kile chumba cha mwisho kilikuwa kimeachia kabisa, mdomo wazi, kinapuliza hewa baridi juu ya mbao. Viungo vingine vilikuwa vimefungwa kwa ile tepu ya kijivu inayouzwa kila duka la vifaa, na tepu ilikuwa imekauka na kubanduka kama ngozi ya nyoka. Kipimajoto nilichopanda nacho kilionyesha nyuzi 43 chini ya mabati, na ilikuwa saa nane mchana. Yaani tulikuwa tunatengeneza baridi kwa umeme wa bei mbaya, kisha tunaipitisha katika tanuri ndani ya bomba linalovuja.

Hili si tatizo la mafundi wa Kigali peke yao, tusijidharau bure. Marekani kwenyewe, ambako dakti ni kitu cha kawaida kama mlango, mpango wa serikali yao uitwao Energy Star unaeleza kwamba katika nyumba ya kawaida asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita kwenye dakti hupotea kwa sababu ya kuvuja, kutoboka na viungo vibovu. Na ile tepu ya kijivu, ambayo Kiingereza chake kimebeba kabisa jina la dakti, watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California waliijaribu mwaka 1998 pamoja na vizibio vingine, wakivipitishia joto na baridi kwa zamu. Vingine vilistahimili. Tepu ile ndiyo iliyoshindwa, tena vibaya. Inafaa kufungia masanduku na kuziba kiti cha pikipiki kilichochanika, lakini kwenye dakti ya moto na baridi gundi yake haidumu.

Kinachofaa ni mastiki, uji mzito unaopakwa kwa brashi juu ya kiungo, ukikauka unabaki na ulaini kidogo kama raba. Kwenye mwanya mkubwa unatanguliza kitambaa cha nyuzi halafu unapaka juu yake. Ile tepu ya alumini iliyotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo nayo inafaa, mradi bati lifutwe vumbi na mafuta kwanza. Lakini kabla ya kuziba chochote, kiungo kilichoachia kirudishwe mahali pake kifungwe kwa skrubu, maana mastiki si msumari.

Sasa niseme jambo lililonifanya nisilale, nalo halihusu bili.

Nyuma ya nyumba tuna jiko la nje. Ndiko yanakopikwa maharage kwa imbabura, kama ilivyo kwa majirani wengi wenye gesi ndani lakini maharage wanayaachia makaa. Jiko lile linagusana na paa la nyumba kubwa, na moshi wake hupenya chini ya mabati ukaingia juu ya dari. Huko juu lilikuwapo bomba la kurudisha hewa, na lilikuwa na ufa mrefu kama kiganja. Bomba la kurudisha hewa kazi yake ni kunyonya. Basi lilikuwa linanyonya moshi wa imbabura pamoja na vumbi na vinyesi vya panya, linaupitisha kwenye mashine, na kutugawia vyumbani kwa usawa kabisa. Mjukuu wangu alikuwa anakohoa miezi miwili. Tulimpeleka hospitali, tukambadilishia shuka, tukamfukuza paka. Kumbe kifaa nilichokileta kwa kontena ndicho kilichokuwa kinamvutia moshi kitandani.

Na ile dakti ya kupeleka hewa iliyoachia, nayo ilikuwa na ushirika katika jambo hili. Hewa ikimwagwa darini badala ya chumbani, chumba kinapungukiwa, na nyumba haikubali kupungukiwa. Itavuta hewa kutoka popote: chini ya mlango, kwenye matundu ya taa, kutoka gereji, kutoka jikoni. Moshi una harufu, angalau unakushtua. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye makaa haina harufu wala rangi, na sote tumewahi kusikia habari za watu waliolala na imbabura chumbani wasiamke. Sisi hatukuwa tumelala na imbabura chumbani, ila nilikuwa nimeitengenezea njia ya kufika.

Kwa hiyo naomba nieleweke vizuri. Sisemi watu wazibe nyumba zao kila tundu kama wafanyavyo Wamarekani wa kaskazini wanaokimbia theluji. La hasha! Nyumba inayopikiwa kwa makaa au kuni inahitaji kupumua, na mtu akiziba jiko lake baada ya kusoma makala hii atakuwa amenisoma nusu. Dirisha ni mwanya uliouweka wewe, kwa sababu unayoijua, na unaweza kuwekea wavu wa mbu. Ufa wa dakti hukuupanga na hujui unaleta nini. Jiko la makaa lihamishwe mbali na paa la nyumba, liwe na njia yake ya moshi. Sisi tulilihamisha kwanza, ndipo tukaziba.

Kazi ya kuziba ilichukua siku mbili. Kilichotuchelewesha ni mastiki. Tulizunguka maduka ya vifaa mjini kati mpaka Gikondo, kila mahali tunaonyeshwa ile tepu ya kijivu, rangi zote, au tunauziwa silikoni ya kuzibia masinki. Mwishowe mama mmoja mfanyabiashara anayekwenda Kampala kila wiki mbili alituletea makopo mawili katikati ya mzigo wake wa viatu. Alinicheka, “Baba, miaka yote hii nabeba mizigo, sijawahi kuagizwa uji wa bati.”

Hapo ndipo ninapotaka kuzungumza na wenzangu wa mipakani, wa Gatuna, Kagitumba, Rusumo, Rubavu na Rusizi. Mnaleta viyoyozi, mnaleta friji za mtumba kutoka Dubai na Ulaya, na soko lipo. Lakini vile vitu vidogo vinavyofanya mashine hizo zifanye kazi sawasawa havimo kwenye mizigo yenu: mastiki, tepu ya alumini, sponji ya kuvalisha mabomba, raba za milango ya friji. Ni mizigo midogo, haiozi, na mafundi wanaihitaji. Pia kumbukeni kwamba bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikiwa imo kwenye orodha na thamani ya mzigo haizidi dola 2,000, inaweza kupita kwa kile cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa mpakani. Friji ya mtumba kutoka ng’ambo haina uasilia wa kwetu, na cheti hicho hakiihusu.

Nikiwa kwenye friji, nitoe na hili. Wengi wenu mnahifadhi samaki wa Ziwa Victoria au sambaza wa Kivu kwenye friji kuukuu zinazonguruma usiku kucha. Chukua noti ya faranga 1,000, ibane kwenye mlango, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, raba imekufa, na baridi yako inatoka hapo saa ishirini na nne. Jaribu pembe zote nne. Raba mpya ni rahisi mno kuliko friji nyingine, na kuliko samaki waliooza.

Friji za zamani zina kasoro nyingine. Gesi zilizotumika zamani zilikuwa zinaharibu tabaka la ozoni, na uzalishaji wa zile za mwanzo ulikomeshwa duniani kufikia mwaka 2010. Zilizokuja badala yake hazidhuru ozoni lakini zinaongeza joto la dunia, na ni hapa hapa Kigali, tarehe 15 Oktoba 2016, mataifa yalipokubaliana kuzipunguza kwa zaidi ya asilimia 80 katika kipindi cha miaka 30 hivi. Makubaliano hayo, yaliyoanza kutumika Januari 2019, yanaitwa kwa jina la mji wetu dunia nzima. Wilaya yetu ya Kicukiro, kule Rubirizi, ndiyo iliyopewa kituo cha Afrika cha kufundishia upoozaji endelevu na minyororo ya baridi. Lakini ukitoka Rubirizi ukaja Niboye, fundi mwenye chetezo cha ubani ndiye pekee niliyemwona akitafuta tundu kabla ya kuuza mashine.

Wapo watakaosema haya ni matatizo ya matajiri wachache wenye dakti, maskini yanamhusu nini? Nami niliwahi kufikiri hivyo. Lakini waliokuwa hapa mwaka 2004 hawajasahau. Maji ya maziwa ya Burera na Ruhondo yalishuka, mitambo ya Ntaruka na Mukungwa ikakosa nguvu, mji ukawa unapewa umeme kwa zamu. Serikali ililazimika kukodi majenereta ya dizeli, na bei ya yuniti ikapanda kutoka faranga 42 mpaka 112 kufikia mwaka 2006. Iliyopandishwa haikuwa ya matajiri peke yao, hata kinyozi aliyekuwa na taa moja na mashine moja alilipa. Umeme unaozalishwa nchini hauna mgao wa panya. Unapopotea darini kwangu saa moja jioni, wakati kila mtu amewasha taa, kuna mtambo mahali fulani unaochomwa mafuta kuuziba upungufu huo.

Serikali ilitoa mwongozo wa majengo ya kijani mwaka 2019, jambo la kupongezwa. Ila ukiusoma unaona macho yake yako zaidi kwenye majengo makubwa. Sisi wa nyumba za familia tunakaguliwa msingi, nguzo, choo na mipaka ya kiwanja. Sioni ugumu wa kuongeza sharti moja: anayefunga dakti katika nyumba ya kuishi azijaribu kwa moshi au kwa feni ya kupimia mbele ya mwenye nyumba kabla dari haijafungwa. Texas niliwahi kumwona mkaguzi akifanya hivyo, akafunga feni yake, akasoma namba, akaondoka. Haikuchukua hata saa mbili. Baada ya dari ya jipsamu kupigwa rangi, nani atakubali kuitoboa?

Na kwa ambaye bado ana mchoro mezani, ushauri wangu ni mfupi na utawaudhi wauzaji: zifute dakti kwenye mchoro. Weka madirisha yanayotazamana ili upepo uvuke, yawekee wavu. Paka mabati rangi nyeupe, tandaza kitu cha kuzuia joto juu ya dari, panda mti upande wa magharibi. Fungua usiku, funga saa nne asubuhi. Ukishindwa kabisa, weka kiyoyozi kidogo cha ukutani kwenye chumba kimoja, kisichohitaji dakti hata moja.

Kwangu mimi hesabu ilikuwa hivi. Julai 2023 tulitumia yuniti 410. Septemba, baada ya kuziba, 295. Najua Septemba mvua huanza kurudi, sitaki kudai kwamba tofauti yote ni ya mastiki. Lakini yuniti 115, kwa bei ya wakati ule ya faranga 249 kwa anayezidisha 50, ni faranga 28,635 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Makopo mawili ya mastiki na ujira wa fundi vilirudi kabla ya Krismasi. Chumba cha mwisho sasa kinalalika. Mjukuu alikuwa ameacha kukohoa kabla hata Septemba haijaisha, na kwa kuwa usiku tunafungua madirisha, mashine yenyewe huwa inawashwa alasiri chache tu za Julai na Agosti.

Fundi amekwisha kupata nyumba tatu nyingine hapa mtaani, mbili zikiwa za waliorudi kutoka Ubelgiji. Tatizo ni lile lile: mastiki hakuna. Yule mama wa Kampala amesafiri, na harudi mpaka mwisho wa mwezi. Kama kuna anayevuka Rusumo au Gatuna wiki hii akiwa na nafasi kwenye gari, fundi anahitaji makopo sita.